Kufuma, vitabu na kichanga: mi niligawa mikono, sio muda

Dada hongera sana kwa kujifungua, na pole na uchovu. Umeuliza kama inawezekana kuendelea kufuma na kusoma riwaya ukiwa na kichanga cha wiki tatu, maana hapo nyumbani, mama mkwe akiwemo, washaanza kukwambia sindano ziingie kabatini mpaka mtoto atembee. Mi nasema usiziweke. Niko Njombe, ni mwalimu, nina wawili na mdogo ndo kwanza ameanza kukaa, na vyote viwili sijaviacha.

Kilichonisaidia ni kuacha kugawa muda nikaanza kugawa mikono. Kichanga hana ratiba, ananyonya mara 8 mpaka 12 usiku na mchana, sasa ukisema saa tatu hadi saa nne nafuma utaishia kukasirika bure. Lakini ukishamweka vizuri kwenye ziwa mkono mmoja unabaki, huo ni wa kitabu. Kufuma kunataka yote miwili, kwa hiyo sindano zinasubiri alale au ashikwe na mwingine. Nilipolijua hilo sikugombana tena na nafsi yangu.

Kitabu nakilaza kwenye mto pembeni, nabana kurasa na vibanio vya nguo kushoto na kulia, vinahamishwa kwa mkono mmoja bila shida. Usiku nasoma kwenye simu mwanga nimeushusha kabisa, baba hasumbuki. Ila usingizi ukianza kukubeba weka simu chini, mrudishe mtoto mahali pake pa kulala, msije mkasinzia wote wawili kwenye kochi, hiyo ni hatari kweli kwa mtoto.

Kwenye kufuma, sweta la mtu mzima liache kwanza. Fuma vitu vidogo, kofia, soksi, au blanketi la vipande vipande ambavyo utaviunga baadae, na uchague mfumo rahisi ambao hata ukiitwa katikati ya mstari ukirudi unajua ulipoishia. Na usifume saizi ya sasa hivi! Kichwa cha mtoto akizaliwa kina kama sm 34 au 35 kukizunguka, akifika miezi 6 kinakaribia 43, kwa hiyo kofia ya leo ukichelewa kuimaliza haimwingii tena. Wewe lenga baridi ya Juni na Julai, hesabu atakuwa na miezi mingapi, ndo ufume hiyo. Kingine muhimu sana, soksi na glavu za mtoto zigeuze ndani nje kila unapomvalisha uangalie nyuzi zilizolegea, uzi mmoja tu unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu ukakaza damu isipite na yeye hawezi kusema, atalia tu. Ndo maana maua ya rangi mbili yanayoacha nyuzi zinaning'inia kwa ndani mi sifumi kwenye soksi kabisa. Kamba za shingoni pia hapana.

Sasa familia. Sheria hapa Tanzania inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, baba siku 3, yani anarudi kazini hata kitovu hakijadondoka, halafu tunashangaa hamjui mtoto. Kwetu tulikubaliana jioni baba akishaoga, mtoto ni wake mpaka chakula kiive, na mi nafuma palepale sebuleni tukipiga stori, sijifungii chumbani. Mkubwa anakunja uzi kuwa mpira, anajiona fundi. Sindano zikimaliza kazi zinapanda juu ya kabati, zisikae kwenye kochi.

Mama mkwe wako usimjibu vibaya, kakuonea huruma tu. Wamama wengi wa huku wamefuma miaka, mpe sindano umuombe akuoneshe anavyogeuza kisigino cha soksi, utaona mwenyewe.

Na hizo oda za sweta ulizosema zimebaki, wapigie wateja leo uwaambie umejifungua, anayeweza kusubiri asubiri, asiyeweza mrudishie hela yake. Oda mpya usipokee kwanza, au pokea kofia tu na usimpe mtu tarehe. Ukikwama kwenye kupunguza vitanzi vya kofia uliza hapahapa, nitakuandikia hesabu ya saizi ya miezi 6.