Maswali na majibu: mguu wa cherehani ya ngozi upande kiasi gani?

Safari hii maswali karibu yote yanahusu mguu wa cherehani nzito za ngozi, zile zenye miguu miwili: wa ndani unaotembea pamoja na sindano, na wa nje unaobana. Kabla sijajibu, niweke jambo moja wazi, maana linawachanganya hata mafundi wa siku nyingi. Mguu hunyanyuka kwa njia mbili. Kuna pale unapounyanyua wewe, kwa mkono au kwa goti, ili kuingiza na kutoa kazi. Kuna pia pale mashine inapoinyanyua yenyewe miguu hiyo, mmoja baada ya mwingine, katika kila mshono. Kila njia ina marekebisho yake, na ukigusa ya huku hutibu ugonjwa wa kule.

Shikamoo fundi. Nashona mikoba Arusha. Nikifika pale mkanda wa begani unapokutana na ubavu wa mkoba, mishono mitatu minne inabanana, halafu inarudi sawa. Nimebadilisha sindano mara mbili bila mafanikio.

Marahaba. Sindano yako haina kosa. Ondoa umeme, zungusha gurudumu kwa mkono polepole, na utazame mguu wa ndani peke yake kazi inapofika kwenye ile ngazi, yaani pale unene wa ngozi unapopanda ghafla. Mguu huo ukishavuta ngozi hunyanyuka, kisha hurudi kuelekea kwako ukiwa hewani ili ushike hatua nyingine. Kama haupandi vya kutosha, unagonga ukingo wa ngozi badala ya kuupita. Hapo hatua inakatika na mishono inabanana. Ukishavuka ngazi, mambo yanarudi sawa, kama ulivyoeleza mwenyewe.

Cha kurekebisha ni ule mpando wa kila mshono. Cherehani nyingi za aina hii zina nati, mara nyingi yenye masikio mawili, kwenye mfereji uliopinda huko nyuma ya kichwa. Nyingine zina kitasa cha kuzungusha chenye namba. Legeza, sogeza kidogo tu, kaza, kisha zungusha gurudumu kwa mkono uone mpando umeongezeka au umepungua. Kipimo ninachokiamini ni ngozi yenyewe: chukua mabaki ya kazi hiyohiyo, yapange mpaka yafikie urefu wa ngazi yako, yapitishe chini ya mguu ukiwa juu kabisa. Yakipita na nafasi ya kama milimita moja ikabaki, inatosha. Usizidishe. Mpando mkubwa maana yake miguu inapigapiga kwa nguvu, kelele inaongezeka, vyuma vinalika haraka, na lazima upunguze kasi. Ukimaliza sehemu nene na kurudi kwenye ngozi bapa, rudisha nati ilipokuwa.

Kabla ya kuwasha umeme, zungusha mizunguko miwili kamili kwa mkono. Mguu wa ndani ukipandishwa mno, kwenye baadhi ya mashine unaweza kukutana na kishikio cha sindano kinaposhuka. Ni afadhali mkono wako uhisi mgongano huo kuliko mota.

Niko Mombasa, nashona mikanda. Tabaka mbili mshono ni safi. Nikiweka tabaka tatu, uzi unaachia vitanzi upande wa chini. Nimekaza bobini mpaka uzi unakatika.

Pole sana, na tafadhali ilegeze hiyo bobini irudi ilivyokuwa. Vitanzi vya chini karibu kila mara ni dalili kwamba uzi wa juu haubanwi. Swali ni kwa nini haubanwi kwenye tabaka tatu tu.

Sababu ni hii. Ukinyanyua mguu kwa goti, kipini kidogo husukuma visahani vya kubana uzi viachane, ili uweze kutoa kazi bila kuvuta sindano. Kipini hicho hakijui nani kanyanyua mguu. Ngozi nene ikiusukuma mguu juu kiasi hichohicho, nacho kinafungua visahani, wewe ukiwa katikati ya kushona.

Jaribu hivi. Weka tabaka mbili, shusha mguu, vuta uzi karibu na sindano kwa vidole. Utahisi unagoma. Sasa weka tatu, shusha mguu, vuta tena. Ukiteleza kama uliopakwa mafuta, umeshampata mwizi. Legeza skrubu ya mkono unaosukuma kipini hicho na uusogeze uanze kazi mguu ukiwa juu zaidi ya unene wa mikanda yako. Hakikisha bado visahani vinafunguka unaponyanyua kwa goti hadi mwisho.

Lakini kwanza tazama mnyororo au fimbo inayounganisha goti au pedali na mguu. Lazima ilegee kidogo mguu ukiwa chini. Niliwahi kununua mashine iliyotumika, nikamaliza siku mbili nikihangaika na ndoano ya chini, ile inayodaka uzi wa sindano, nikaamini imepoteza saa yake, yaani haikutani tena na sindano kwa wakati. Kumbe mnyororo ulikuwa umefungwa mfupi, mguu haukai kikamilifu juu ya ngozi na visahani viko wazi nusu. Nilishusha pingili mbili tu, ikashona. Tangu siku ile mnyororo ndio kitu cha kwanza ninachoshika nikikaribia mashine yoyote yenye tatizo la uzi.

Mguu wa nje unapanda sana, wa ndani unapanda kidogo. Ni sawa?

Kwa kazi za kawaida inatakiwa ipande sawasawa. Nati ya mpando haitakusaidia hapa, kwa sababu yenyewe huongeza au kupunguza jumla tu. Mgawanyo unapatikana kwenye mkono wa nyuma unaobembea na kugawa mwendo kati ya miguu hiyo miwili, nao umebanwa na skrubu kwenye shafti yake. Zungusha gurudumu mpaka miguu yote miwili iwe karibu kugusa sahani ya sindano, lile bamba la chini, kwa pamoja, legeza skrubu hiyo, acha yote miwili ikae chini, kaza, pima tena. Mara ya kwanza haitakaa sawa. Rudia kwa uvumilivu, na weka alama ya kalamu mahali ilipokuwa mwanzo ili uweze kurudi.

Mguu unaacha alama za meno kwenye ngozi laini. Nipunguze mpando?

Hapana, punguza mgandamizo kwa skrubu ya springi, na utafute miguu laini isiyo na meno. Usipunguze mno: ngozi ikianza kupanda pamoja na sindano inapotoka, ndoano itakosa uzi na utaruka mishono.

Yangu ni Juki DNU-1541, nimeambiwa mguu unafika milimita 16. Mbona nikiweka soli ya milimita 14 haishoni?

Milimita 16 ni za kunyanyua kwa goti. Kwa mkono ni 9. Namba hizo zinakueleza unene unaoweza kuingia chini ya mguu, si unene unaoshoneka. Wakati wa kushona, juu ya soli yako miguu bado inahitaji nafasi ya kupanda, na sindano inahitaji urefu wa kutoka kabisa kabla ngozi haijasogea. Kwa soli za namna hiyo tafuta mashine nzito zaidi, za ukoo wa Juki TSC-441. Usijaribu kuilazimisha hii kwa kulegeza skrubu. Utaivunja, na ni mashine nzuri mno kwa mikoba.

Nina Singer 29K ya marehemu baba, ya kushonea viatu. Nati ya mpando iko wapi?

Usiitafute nyuma ya kichwa kama kwenye hizi za miguu miwili. Yako ina mguu mmoja, na mguu huohuo ndio unaovuta ngozi, ndiyo maana unaweza kuuzungusha kushona upande wowote. Hiyo K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980, kwa hiyo umri wake unauona. Kama mishono imekuwa mifupi hata ukiweka kipimo cha mwisho, vyuma vinavyosukuma mguu vimelika. Mpelekee fundi mchongaji wa vyuma avijaze na kuvisawazisha. Na mtilie mafuta mzee huyo kila asubuhi, kwenye kila tundu.