Uliza Kocha: Chipukizi wa mwezi tunamchaguaje?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za besiboli, na nimefurahi sana, manake zamani nlikuwa napata moja kwa mwaka. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna maswali ya watu wengi.

*Kocha, habari za kazi. Sisi ni walimu sita hapa Lugazi, tangu vijana wa kwetu waende Williamsport, Marekani, kwenye fainali za dunia za watoto za Little League 2012, hii besiboli imetuingia haitoki. Kila mwisho wa mwezi kila mtu anaandika chipukizi wake watano kutoka ligi ndogo za Marekani, tunapiga kura, mwenye listi mbovu anawanunulia wote rolex, ile chapati ya mayai. Mwezi uliopita namba moja yangu ilikuwa jamaa wa miaka 27 wa Albuquerque, Triple-A, aliyepiga homurani 10, yaani mipira 10 iliyovuka ukuta. Mwenzangu akaweka kijana wa miaka 19 wa Double-A, homurani 3 tu na wastani wa kupiga wa .265, na watu wakamchagua huyo! Nimenunua rolex sita kwa uchungu. Nani alikuwa sawa?*

Mwalimu, pole kwa hela yako, lakini mwenzako alikuwa sawa na mimi pia ningempa kura.

Anza na ngazi. Kila klabu kati ya zile 30 za ligi kuu ya Marekani ina timu nne za chini za kulea wachezaji, jumla 120, unapanda Single-A, alafu High-A, alafu Double-A, alafu Triple-A, na chini kabisa ya hizo kuna ligi za wanaoanza kule Arizona, Florida na Jamhuri ya Dominika. Sasa mimi kabla sijaangalia kijana amepiga ngapi naangalia ana miaka mingapi na yuko ngazi gani. Double-A wengi wana miaka 23, 24, wamepitia chuo, wameshaona kila aina ya mpira wa kupinda. Kijana wa 19 akiwekwa pale ni kama umechukua mtoto wa S.2 ukamkalisha kwenye mtihani wa S.6, na yeye akapata wastani wa darasa. Utasema huyo ni wa kawaida? Jamaa yako wa miaka 27 yeye anarudia mtihani ambao pengine ameufanya mwaka wa tatu sasa, lazima apate maksi nzuri. Simdharau, ni kazi yake na anaifanya vizuri, ila swali la chipukizi ni nani ataenda mbali, siyo nani amepiga nyingi. Angalia Jackson Holliday wa klabu ya Orioles mwaka 2023, alikuwa na miaka 19, akaanza Single-A na msimu ukaisha yuko Triple-A, ngazi zote nne mwaka mmoja. Mtu aliyekuwa anasoma umri pamoja na ngazi alimwona kuanzia mwezi wa nne.

Alafu uwanja. Albuquerque iko juu zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, yaani kama Fort Portal hivi, na huko hewa ni nyepesi na kavu, mpira ukipigwa unasafiri tu, mpira ambao pengine ungedakwa pale unavuka ukuta. Reno na Las Vegas nazo ni hivohivo. Wachezaji wa ligi ile wanajua, maskauti, wale watafuta vipaji wa klabu, wanajua, sisi tunaosoma namba kwenye simu ndio tunasahau. Hili nalielewa sana kwa sababu uwanja nliofundishia watoto miaka ya mwanzo ulikuwa na mfenesi upande wa kushoto ndio ukuta wetu, karibu sana, na kulikuwa na kijana mmoja akipiga kila siku mpira unapita juu ya mfenesi nikawa namtangaza kila mahali huyu ni hatari. Tukaenda kucheza kwenye uwanja wa vipimo kamili, mipira ileile yote ikaishia kwenye glavu. Kijana alilia, na mimi ndiye nliyemdanganya, hakujidanganya. Kwa hiyo sasa hivi nikiona homurani 10 swali langu la kwanza ni amezipigia wapi, nyumbani ngapi na ugenini ngapi. Na kinyume chake pia: mwezi wa nne Wisconsin na Michigan ni baridi kali, kijana ametoka Venezuela hajawahi kuvaa koti anapiga mpira mikono imekufa ganzi, ukiona namba zake ndogo mwezi huo usimfute haraka.

Jambo la tatu ndilo linalotuumiza wote, mwezi ni mfupi. Ligi ndogo siku hizi wanacheza Jumanne mpaka Jumapili, Jumatatu wanapumzika, kwa hiyo mwezi mzima ni kama mechi 25, mpigaji anapata zamu mia hivi. Kwenye zamu mia, mwenye mipigo 25, yaani amepiga akafika besi salama mara 25, ni .250 na watu wanamwona wa kawaida, mwenye 32 ni .320 na watu wanamwita nyota, na tofauti yao ni mipigo saba kwa mwezi, haifiki miwili kwa wiki. Saa ingine mipigo saba ni mpira umegonga jiwe ukaruka juu ya bega la mdakaji, basi.

Mfano ambao kila mtu Uganda ataujua ni Michael Jordan. Mwaka 1994 aliacha basketi akaenda kucheza besiboli ya Double-A na Birmingham Barons akiwa na miaka 31, na mwezi wa nne huo huo alikuwa na mechi 13 mfululizo kila mechi anapata mpigo. Kundi lenu lingekuwepo nadhani mngemweka namba moja wote sita! Lakini warushaji wakamsoma, wakaanza kumpa mipira ya kupinda, na msimu ulipoisha alikuwa na wastani wa .202 katika mechi 127 na amekula straiki tatu, yaani ametolewa na mrushaji, mara 114. Mwezi wa kwanza haukuwa uongo, mipigo aliipiga kweli, ila haikutuambia anachoweza na asichoweza.

Sasa utauliza, kama mwezi ni mfupi hivo tuangalie nini? Angalia mambo mawili yanayotulia mapema kuliko wastani: ni mara ngapi anakula straiki tatu, na ni mara ngapi anapewa besi ya bure, yaani mrushaji amekosa shabaha mara nne. Hayo mawili hayategemei jiwe wala mfenesi, ni yeye na mrushaji tu. Kijana wa mwenzako wa .265, kama katika zamu mia amekula straiki tatu mara 15 na amepewa besi za bure 14, jua macho yake yanaona mpira dhidi ya watu wazima, mipigo itakuja. Mwingine akiwa na .320 lakini straiki tatu 35 na besi za bure 4, mimi namwogopa, mwezi ujao anaanguka.

Warushaji ndio wagumu zaidi kwa sababu anayeanza mechi anaonekana mara moja kwa wiki tu, mwezi mzima mara nne au tano, siku moja mbaya inaharibu kila kitu. Hapo naacha kabisa ushindi na kushindwa, hiyo ni habari ya timu, nahesabu straiki tatu kwa inningi, yaani kwa kila awamu kati ya tisa za mechi, na besi za bure alizotoa. Paul Skenes mwaka 2024 alianza mechi saba pale Indianapolis, timu ya Triple-A ya Pirates, inningi 27 na kidogo, straiki tatu 45, na kwa kila inningi tisa hakufungwa hata rani (pointi) moja kamili. Mara zingine walimtoa mapema kulinda mkono wake, kwa hiyo anayetafuta mrushaji wa inningi nyingi angempita, lakini straiki tatu 45 kwa inningi 27, banange, hiyo hauitaji kupiga kura. Mwezi wa tano tarehe 11 alikuwa ameshaitwa juu.

Na msisahau glavu. Listi za mwezi karibu zote zinasahau wadakaji kwa sababu kazi yao haiandikwi vizuri kwenye namba. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisaini na Pirates mwaka 2008, akakaa ligi ndogo miaka mingi, wastani wake wa kupiga haukuwahi kumtisha mtu, ila mikono yake ya kudaka ilikuwa ya dhahabu, na tarehe 26 mwezi wa nne 2017 akawa mtu wa kwanza mzaliwa wa Afrika kucheza ligi kuu, na zamu yake ya kwanza kabisa akapata mpigo. Kwa listi zetu za homurani tungemkosa miaka yote. Mimi ningewashauri kila listi ya watano nafasi moja iwe ya mtu wa glavu, mtabishana sana lakini mtajifunza kutazama mechi na siyo kusoma namba tu.

*Kocha, mchezaji akipandishwa katikati ya mwezi tunamhesabuje? Na mechi zao naziona saa ngapi nikiwa Jinja?*

Mdogo wangu, jumlisha zote mbili lakini uziandike mbalimbali, wiki mbili za High-A na wiki mbili za Double-A. Wengi wanaanguka wiki ya kwanza baada ya kupanda, mimi siwakati maksi kwa hilo, tena kupandishwa kwenyewe nakuhesabu kama alama, manake klabu imemwona kila siku na sisi tumemwona kidogo. Akiitwa ligi kuu na kukaa, mtoe, huyo siyo wa listi yenu tena, mpigieni makofi. Saa: mechi ya saa moja jioni upande wa mashariki wa Marekani, kwetu ni saa nane usiku. Subiri Jumapili, nyingi wanacheza mchana, utaziona saa mbili usiku ukiwa unakula.

*Kocha, mimi ni wa Mbale. Kundi letu lina sheria kwamba kila listi lazima iwe na Mganda mmoja. Kuna anayesema huo ni upendeleo na anataka kutoka. Unasemaje?*

Ndugu yangu, nawaelewa kabisa. Mwaka 2022 Umar Male na Ben Serunkuma waliposaini na Dodgers mimi sikulala, na David Matoma aliposaini na Pirates, mrushaji wetu ambaye mpira wake unapita maili 95 kwa saa, niliwapigia simu watu ambao hata besiboli hawaijui. Lakini hiyo sheria iondoeni. Siku Mganda akiingia kwenye watano nataka iwe ameingia kwa straiki zake na mtu yeyote wa Chicago akiisoma ile listi akubali, na kama tulikuwa tunamweka kila mwezi hata alipoumizwa, siku hiyo haitakuwa na uzito.

Badala yake fungueni daftari lingine la wa kwetu peke yao, na humo mpimeni kila kijana na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Kijana wa Dominika ameshika mpira tangu anatambaa, wa kwetu wengi wameanza wakubwa na hawajawahi kuona mpira wa maili 95 mpaka siku wamevuka bahari, kwa hiyo kuwapanga sambamba mwezi wa kwanza siyo haki kwa upande wowote. Mrushaji mwenye mkono wa kasi angalia besi za bure tu: mwezi wa sita alitoa 12, wa saba 9, wa nane 6, hiyo ni habari kubwa hata kama amefungwa rani nyingi. Kuna anayeniuliza kila mara habari za Dennis Kasumba, yule kecha, mdakaji wa nyuma ya mpigaji, wa mazoezi ya matairi: 2023 alicheza na Frederick Keys kwenye ligi ya vijana wanaotafuta drafti, yaani kuchaguliwa na klabu kubwa, na ile haimo katika zile timu 120, ndiyo maana hakuonekana kwenye listi zenu, siyo kwamba mtu alimnyima.

*Kocha, mimi ni mama wa kijana wa miaka 14 hapa Mpigi. Anarusha kila siku mpaka usiku, anasema skauti atampa alama 80. Hiyo 80 ni nini, na mimi nimsaidie vipi?*

Mama, maskauti wanapima kutoka 20 mpaka 80, na 50 ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu, yaani hiyo 50 yenyewe ni mlima. 80 ni wachache sana duniani. Mwache aote, ila kurusha kila siku hapana, hilo mkatalie kabisa. Kanuni za Little League kwa umri wake ni mwisho mipira 95 kwa siku ya mechi, na akifikisha 66 au zaidi anapumzisha mkono siku nne. Andika kwenye kalenda jikoni, uhesabu wewe mwenyewe.

Na la pili, cheti cha kuzaliwa. Klabu haziwezi kumsaini mtu kabla ya miaka 16, na karatasi zitakaguliwa moja moja. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Kampala ilishinda kanda yetu ya kwenda Williamsport ikaishia nyumbani, viza zilikataliwa kwa sababu tarehe kwenye karatasi hazikulingana, na wale watoto walikuwa wameshashinda tayari. Tarehe ya hospitali, ya shule na ya cheti zikiwa tofauti hata siku moja, anza kurekebisha mwaka huu akiwa bado 14.