Kwako tabibu kijana wa Kasulu unayetaka kuwa mtafiti wa macho

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa tabibu kijana aliyeko kituo cha afya huko Kasulu. "Shikamoo daktari. Natamani kuwa mtafiti wa macho na ubongo kama wale tunaowasoma, lakini huku hakuna mashine, hakuna profesa, umeme wenyewe wa kubahatisha. Nianzie wapi?" Nikamjibu marahaba, nikamwahidi nitamwandikia kwa kirefu. Najua hayuko peke yake, ndiyo maana naandika hapa ili wenzake nao wasome.

Naanza na kosa langu, maana bila lile kosa nisingekuwa na la kukwambia.

Mwaka 2011 nilikuwa nimerudi Kigoma kutoka masomoni Moshi, najiona nimeiva. Asubuhi moja akaja mwalimu wa shule ya msingi kutoka Ujiji, dada wa miaka 27. Jicho la kulia lilikuwa limefifia ndani ya siku nne, na kila akilizungusha linauma kwa ndani. Nilimwonyesha kifuniko chekundu cha kichupa cha dawa ya kupanua mboni. Kwa jicho la kushoto akasema ni chekundu kabisa. Nikamfunika la kushoto. Akasita, akasogeza kichwa mbele, akasema, "Dokta, hiki sasa ni kama kanga iliyofuliwa mpaka ikapauka." Nikachukua kurunzi. Nikimulika jicho zima, mboni zote mbili zinasinyaa vizuri. Nikihamishia mwanga haraka kwenye jicho linalougua, mboni zinatanuka kana kwamba nimezima taa. Nikachungulia ndani ya jicho, sikuona kasoro yoyote. Basi nikajua ni uvimbe wa neva ya jicho, ule mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na uvimbe wenyewe uko nyuma, nisikoweza kupaona. Nilijisifu moyoni kwa kuugundua kwa kurunzi na kifuniko cha kichupa.

Halafu nikamwandikia vidonge vya prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, miligramu 60 kwa siku, wiki mbili. Kwa nini? Kwa sababu ndivyo nilivyowaona wakubwa wakifanya. Akapona. Akaniletea dumu la mawese, na mama yake akaja kunishukuru.

Baada ya miezi saba akarudi. Jicho lilelile, na safari hii na la kushoto limeanza. Akaniambia, "Dokta, nipe vile vidonge vya mwanzo." Nikampigia simu bingwa mmoja aliyeko Dar es Salaam kuomba rufaa. Akaniuliza, "Ulimpa nini mara ya kwanza?" Nikamwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ule utafiti wa 1992 hukuwahi kuusoma?"

Sikuwahi. Mwaka 1992 nilikuwa darasa la tano.

Jioni ile nilipanda Barabara ya Lumumba mpaka kwenye duka la intaneti, nikausoma kwa kuungaunga mpaka wanafunga. Aliyeuongoza ni Roy Beck, daktari wa Marekani wa fani inayokutanisha macho na ubongo. Kwa miaka mingi madaktari walikuwa wakitoa vidonge vile kwa mazoea, mmoja akimwiga mwenzake. Beck na wenzake wakakusanya wagonjwa 457 katika vituo 15 kati ya mwaka 1988 na 1991, wakawagawa kwa kura. Kundi moja likapewa vidonge vya prednisoni peke yake, dawa ndugu ya ile niliyotoa mimi, kwa kipimo cha kufuata uzito kinachokaribia kile changu. La pili likapewa methiliprednisoloni, dawa ya jamii hiyohiyo, kwa mshipa siku 3, ndipo vidonge vikafuata. La tatu likapewa vidonge visivyo na dawa ndani. Waliopewa dawa ya mshipani walirudiwa na uoni haraka zaidi, ila baada ya muda wote waliona karibu sawasawa. Waliopewa vidonge peke yake ndio waliorudiwa na ugonjwa zaidi, karibu mara mbili ya wale ambao hawakupewa dawa kabisa.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Siwezi kuapa kwamba vidonge vyangu ndivyo vilivyomrudishia yule dada ugonjwa. Lakini nilimpa kitu ambacho dunia ilishakipima na kukikataa miaka 19 nyuma, na mimi sikujua kwa sababu sikuuliza. Dada yule alipanda treni mpaka Dar, akatibiwa kwa dripu, leo anafundisha akitumia jicho moja zaidi ya jingine. Tukikutana sokoni Mwanga ananisalimia kwa furaha. Kila mara nashindwa kumtazama usoni.

Sasa kijana, nisikie vizuri. Sikwambii uwanyime watu dawa kwa sababu ya karatasi ya 1992. Wagonjwa wengi wa utafiti ule walikuwa wanawake wa Kizungu. Mwaka 2004 watafiti wa Kliniki ya Mayo walitangaza kipimo cha damu kinachotambua ugonjwa mwingine unaoshambulia neva ya jicho na uti wa mgongo. Huo huwapata watu weusi zaidi kuliko Wazungu, unaweza kupofusha, na unataka dawa ya mshipani mapema. Kwa hiyo kijana wa miaka 20 akikujia jicho limezima ndani ya siku chache, mpe rufaa siku hiyohiyo. Usimpe vidonge ukamwambia arudi mwezi ujao.

Na hapo ndipo penye jibu la swali lako. Nani atatuambia ni wangapi hapa Kigoma wana ugonjwa huu na wangapi wana ule? Wamarekani hawatakuja kutuhesabia. Ni wewe na daftari lako la MTUHA, lile la kuandikia takwimu za wagonjwa kituoni.

Ninachompendea Beck ni jinsi alivyoendelea na swali lilelile maisha yake yote: hiki tunachokifanya kila siku, kinasaidia kweli? Wale wagonjwa wa mwanzo walifuatiliwa miaka 15. Ndiyo maana leo mtu akiuguliwa na neva ya jicho anapigwa picha ya ubongo ya MRI. Ambao picha yao ilikuwa safi, asilimia 25 tu walikuja kupata ugonjwa wa neva unaoitwa maltipo sklerosisi. Waliokuwa na madoa kwenye picha ya ubongo walikuwa asilimia 72. Mwaka 1993 alianzisha kituo cha utafiti kule Tampa, Florida, kinachoitwa Jaeb, na kutoka hapo mtandao wa madaktari wa macho ya watoto ukaanza kazi mwaka 1997. Wakaligeukia jicho vivu, lile lisiloona vizuri kwa sababu ubongo umelizoea kulipuuza.

Hili nimelitumia kwa mikono yangu. Zamani nikimpata mtoto mwenye jicho vivu nilimwambia mama azibe jicho zima kutwa nzima. Mama mmoja wa Kibirizi alivumilia siku tatu. Watoto wa jirani walimwita mwanawe chongo, naye akang'oa kiziba akakitupa. Nikamgombeza yule mama, Mungu anisamehe. Kumbe mwaka 2003 mtandao ule ulikuwa umeshalinganisha kuziba jicho kwa muda wa saa mbili na wa saa sita kwa siku, kwa watoto 189 wa chini ya miaka 7 ambao tatizo lao ni la wastani, wakaona matokeo yanafanana. Nilimwita tena yule mama. Tukakubaliana muda wa saa mbili kila siku, jioni, nyumbani, mtoto akiwa amezibwa huku anachambua dagaa na mchele pamoja na bibi yake, maana kazi za karibu zilikuwa sehemu ya mpango wenyewe. Baada ya miezi minne mtoto alisoma mistari mitatu zaidi kwenye chati. Hakuna aliyemcheka, kwani hakuna aliyemwona.

Basi anza na daftari. Nunua lako la pembeni, lenye jalada gumu. Kila mwenye tatizo la neva ya jicho andika umri, jinsia, siku ngapi tangu lianze, anaona mstari gani, rangi nyekundu anaionaje, mboni zimefanyaje, ulimpa nini, na alirudi akiwaje. Jina usiandike, weka namba. Andika hata siku umechoka. Hasa siku umechoka. Mimi nilianza 2012, na mwaka jana nilisimama mbele ya madaktari wa macho mjini Dodoma nikaeleza wagonjwa wangu 11. Walikuwa wachache, lakini maswali yalichukua muda kuliko maelezo yangu, na profesa mmoja alinifuata nje kuniomba nimweleze tena habari ya kifuniko chekundu. Nilitembea kifua mbele siku ile, sifichi.

Usiniambie mambo makubwa hayatoki kwetu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Dar es Salaam waliona vijana wakipoteza uoni wa katikati kwenye macho yote mawili, wengine miguu ikiwaka moto. Mwaka 1997 ilichapishwa makala ya kueleza ugonjwa huo. Kati ya waandishi, jina la kwanza ni Gordon Plant wa London, la pili ni Mtanda, jina la kwetu. Mwaka 2011 utafiti mwingine ukaonyesha kwamba upungufu wa folati mwilini na moshi wa ndani ya nyumba vinahusiana nao. Mambo hayo yalianza na mtu aliyekaa kwenye kiti cha kliniki akasema, huyu ni wa tano mwezi huu, kuna nini?

Nalitazama lile jina la pili mara nyingi, na nitakwambia sababu. Kuna mgeni mmoja alikuja, akalisifu daftari langu, akaomba nakala ya hesabu za miaka mitatu. Nilimpa kwa moyo mweupe. Ripoti ilipotoka niliisoma ukurasa hadi ukurasa. Hesabu zangu zilikuwemo, jina langu halikuwemo, hata kwenye shukrani. Mke wangu alinikuta nimekaa gizani. Mpaka leo inaniuma. Kwa hiyo kabla hujampa mtu daftari lako, kubalianeni kwa maandishi nani ataandikwa wapi. Omba kibali cha Mganga Mkuu wa Mkoa na cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, maana zile ni habari za wagonjwa, si mali yako wala ya mgeni. Na wewe ukiongoza siku moja, mwandike muuguzi aliyekushikia kurunzi.

Alhamisi nakuwa kliniki mpaka jioni, na baada ya saa nane wagonjwa wanapungua. Ukishuka mjini pitia. Njoo na daftari, hata kama lina mgonjwa mmoja.