Mita 60 si za baharini tu, ndugu

Ndugu, umeuliza kama ile mita 60 wanayobanwa nayo watu wa Bagamoyo inakuhusu wewe unayenunua kiwanja kando ya bwawa la Hombolo, Dodoma. Inakuhusu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinataja bahari, maziwa ya asili, kingo za mito na mabwawa: hakuna shughuli ya kudumu, kama kujenga nyumba, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Dalali hatakwambia hilo.

Usipime sasa hivi kiangazi, maji yamerudi nyuma. Tafuta mstari wa matope makavu na takataka zilizonasa kwenye miiba, maji ya masika yaliishia hapo. Anzia hapo na futi yako. Mimi nilipima Septemba, nikachimba msingi. Februari ulikuwa na vyura.

Kabla ya kutoa hata shilingi, nenda kwa afisa ardhi wa jiji ukaangalie ramani ya mipango miji, kisha uwaone NEMC, baraza la taifa la mazingira, na ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu inayosimamia maji ya eneo hilo. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa pekee hautakulinda. Na kama muuzaji anakuharakisha, mtafute wakili kwanza.