Viporo vya utafiti: okoa daftari kabla ya makala

Mwanaikolojia mwenye miaka 20 kazini hakosi viporo: vipimo vya miti vya shahada ya uzamili, hesabu za ndege za mradi ulioishiwa fedha, picha za kamera za mitego ambazo hakuna aliyezifungua. Wengi huanza na rasimu iliyokaribia kuisha. Hiyo inaweza kusubiri. Daftari la mwaka 1998 lenye vifupisho unavyovielewa wewe peke yako haliwezi.

Tenga nusu siku uorodheshe kila kiporo kwa mstari mmoja: mahali, miaka, idadi ya sampuli, data ziliko, wenzako, namba ya kibali, kilichobaki. Siku hiyo usifungue rasimu yoyote. Ukifungua utaanza kuhariri, na orodha haitaisha.

Kisha piga picha kila ukurasa wa daftari, hata wenye matope, ndipo uingize data kwenye kompyuta. Kila uchunguzi upate safumlalo yake. Kando andika faili la maelezo: kila safuwima ina maana gani, kipimo ni sentimita au milimita, na sifuri ni "hakuna" au "hatukuangalia". Hiyo sifuri imeharibu data nyingi kuliko mchwa. Tarehe ziandike 1998-03-14, zikiwa maandishi, maana Excel huigeuza 3/4 kuwa Machi au Aprili bila kukuuliza.

Koordineti za Afrika Mashariki zina mtego wake. Ramani za zamani za Kenya na Tanzania zilichorwa kwa Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS84; hiyo ni mifumo miwili tofauti ya kupimia mahali duniani. Ukizichanganya, kiwanja chako kinahama takriban mita 300, pengine hadi ng'ambo ya mto. Na vipimo vya GPS za kiraia vya kabla ya Mei 2000 vingeweza kukosea kama mita 100, kwa hiyo andika kiwango cha kosa.

Majina nayo yamebadilika: mgunga ulioandikwa Acacia tortilis sasa ni Vachellia tortilis. Usifute jina la awali. Jipya liwe na safuwima yake. Kama sampuli ya mmea iko hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, weka namba yake.

Hapo pakia data mtandaoni. Zenodo, hifadhi ya data za utafiti, hutoa DOI (namba ya kudumu ya kunukulia data) bila malipo. Orodha za spishi na mahali zilipoonekana zinafaa GBIF, hazina ya kimataifa ya data za viumbe, kwa muundo wa Darwin Core, ambao ni majina sanifu ya safuwima. Soma kwanza masharti ya kibali chako, na mahali walipo faru pasionekane kamili.

Makala? Jiulize kama swali linajibika bila kurudi porini. Kama halijibiki, huo ni mradi mpya. Chapisha data pekee, bila makala. Matokeo ya "hatukuona tofauti" yaandike kwa ufupi, kwani yakifichwa, uchambuzi unaojumlisha tafiti nyingi hupotoka.

Wapelekee waandishi wenza rasimu na tarehe ya mwisho ya kujibu. Barua pepe za chuo nyingi zilishafungwa, na aliyekaa kimya hajakubali jina lake liingie. Mpigie simu.