Barua kwa Doto, kuhusu pacha waliopoteana

Isevya, Tabora

Mwanangu Doto,

Hatujambo hapa, Kulwa naye hajambo. Ile riwaya uliyoniachia, The Vanishing Half ya Brit Bennett, nimeimaliza. Uliniuliza kama Stella alimsaliti pacha wake Desiree, na kama nawe unamtenda Kulwa vivyo hivyo kwa kuhamia Dar es Salaam ukakaa kimya.

Stella kazaliwa Mallard, kijiji cha Louisiana cha watu weusi wanaoringia weupe wa ngozi zao. Utotoni alishuhudia wazungu wakimvamia baba yake, wakamuua. Akiwa New Orleans, kazi ya ukarani akaipata kwa kudhaniwa mzungu. Kwa Marekani ya miaka ya 1950 na sheria zake za ubaguzi, kuupita mlango ule simlaumu hata kidogo. Kinachonichoma ni kwamba aliondoka kwenda kuishi kama mzungu bila kumuaga Desiree uso kwa uso.

Wengi watawafuata mabinti; mimi nilimfuata Adele, mama yao. Desiree alirudi 1968 akikimbia kipigo cha mume, kamshika mkono mwanawe Jude, mweusi tii katika kijiji kisichopenda weusi, na Adele akawafungulia mlango. Lakini Stella je? Mama wa watu hana kaburi la kulilia wala barua ya kungojea. Hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje kwanza.

Desiree huyo alisomea kutambua alama za vidole. Pacha wa yai moja hufanana mno, lakini alama zao za vidole hazilingani. Unakumbuka mlipokwenda kuandikishwa kitambulisho cha taifa cha NIDA? Yule kijana alimwambia Kulwa, "Dada, wewe si umeshapita?" Mashine wala haikubabaika.

Nawe tangu mdogo ulitaka kuwa wewe. Darasa la nne ulichukua mkasi wangu wa kushonea, ukakata mikono ya gauni la sikukuu lisifanane na la Kulwa. Bibi yako alikasirika, kwake pacha ni sare. Mimi nilikunja pindo pale ulipokata upogo, nikapitisha cherehani, ukalivaa hivyo hivyo, na ulipendeza.

Basi kuhama umehama kwa haki yako, mwanangu, na asikutie mtu hatia. Ila simu za dada yako usizopokea, hizo zinamuumiza, namwona. Hajasema urudi Tabora. Anauliza amekukosea nini, nami sina la kumjibu, kwa kuwa jibu unalo wewe.

Mpigie kabla ya Ijumaa. Jumamosi anapanda treni kwenda Kigoma kwa wakwe zake, na njiani mtandao unakatikakatika. Ukikosa pa kuanzia, muulizie mtoto. Ameanza kutembea, tena anakimbilia jikoni kila mlango ukiachwa wazi, na mama yake mdogo hajamwona bado.

Mama yako