Kabla Hujaandika Ugomvi wa Wapenzi, Mtazame Maren Ade

Skripti za vijana wanaoanza kuandika tamthilia hunifikia zikiwa na ugonjwa uleule: mume na mke wanagombana kwa sababu mwandishi amewaletea sababu. Meseji imeonekana kwenye simu, mchepuko umepiga hodi, mama mkwe ameshuka na begi lake. Sina neno na hayo. Yamelisha watu wengi katika kazi hii, mimi nikiwamo. Lakini ukimuuliza mwandishi hao wawili wanagombanaje siku ambayo hakuna kilichotokea, kalamu inakauka. Ndiyo maana wanaokuja kujifunza kwangu nawapa kwanza kazi ya kumtazama mwongozaji mmoja wa Kijerumani, Maren Ade.

Hana mzigo mkubwa. Kati ya 2003 na 2016 aliongoza filamu ndefu tatu tu, zikiachana miaka sita na kisha saba. Alizaliwa Karlsruhe mwaka 1976, wazazi wake walimu, akasomea filamu München. Wengi wenu mkisikia jina lake mtakimbilia Toni Erdmann, ya 2016, kwa kuwa ndiyo iliyomtangaza duniani. Msianze nayo. Ina dakika 162, na vituko vyake vinachekesha kiasi cha kuwafanya mdhani kazi yote imefanywa na vituko. Anzeni alikoanzia yeye.

Filamu ya kwanza, Der Wald vor lauter Bäumen, yaani msitu usioonekana kwa wingi wa miti, ni kazi yake ya kuhitimu chuo. Melanie, mwalimu kijana, anahamia Karlsruhe kuanza kazi yake ya kwanza. Anapita kwa majirani na pombe ya kutengeneza nyumbani, ajitambulishe. Anawahutubia walimu wenzake kwa matumaini makubwa. Wanafunzi wanampima siku mbili tatu, wakishamjua basi tena. Mmoja anafikia kumrushia pakiti ya maziwa ya kakao. Kutoka dirishani kwake anamwona jirani aitwaye Tina, muuzaji wa duka la nguo, na anaamua huyo atakuwa rafiki yake, Tina apende asipende.

Hapo tazameni vitu viwili. Kwanza, hakuna adui. Tina si mkatili. Ni mtu mwenye maisha yake ambaye amechoka na ugeni usiokwisha. Walimu wenzake Melanie nao si wabaya, wana shughuli zao. Melanie anaangushwa na uongo mdogomdogo anaousema ili apendwe, kila mmoja unasameheka ukiwa peke yake. Pili, picha ni mbaya. Imepigwa kwa kamera ya video ya bei ya kawaida, mwanga wa darasani ni ule wa taa za darasani. Pamoja na hayo ilikwenda Sundance, tamasha la filamu la Marekani, mwaka 2005 ikarudi na tuzo maalumu ya majaji. Wale mnaosubiri kamera kubwa ndipo muanze, nimewaambia. Mwisho wake siusemi, ila gari likianza kutembea acheni kushika simu.

Sasa Alle Anderen, yaani Wengine Wote, ya mwaka 2009. Hii nataka muitazame mara mbili, ya pili mkiwa na daftari.

Wapenzi wawili Wajerumani, Chris na Gitti, wako likizo Sardinia katika nyumba ya wazazi wa Chris. Yeye ni msanifu majengo mwenye kipaji na mashaka. Gitti anashughulikia habari za wasanii katika kampuni ya muziki na hana breki mdomoni. Hakuna anayemsaliti mwenzake, hakuna anayeumwa, hakuna deni. Siri iliyopo ni ndogo: Chris anajua jambo kuhusu shindano la usanifu aliloingia na hamwambii mwenzake. Kwa karibu saa mbili wanaogelea, wanapika, wanachekana, na mapenzi yanachakaa mbele ya macho yako bila wewe kuweza kunyooshea kidole dakika yalipoanza kuchakaa.

Ade anafanyaje? Jibu langu, na hili ndilo ninalotaka mlichukue: hesabuni watu waliomo chumbani. Wakiwa wawili, Chris na Gitti wana dunia yao. Wana kikaragosi cha kipande cha tangawizi wanachokisemesha. Chris, mwanaume anayeogopa kuonekana mjinga mbele ya yeyote, anamchezea mpenzi wake dansi la kipuuzi katika chumba cha mama yake kilichojaa mapambo, na unaelewa papo hapo kwa nini Gitti anampenda. Upuuzi ule ni wa thamani kwa sababu una mtazamaji mmoja tu.

Kisha mtu wa tatu anaingia. Hans ni msanifu mwenzake, mkubwa kidogo, amefanikiwa, anacheka kwa sauti. Mara ya kwanza Chris anapomwona, dukani, anajaribu kumkwepa. Gitti analiona hilo, na wewe unamwona akiliona. Baadaye wanakwenda kula kwa Hans na mkewe Sana, ambaye ni mjamzito, mtulivu, na ana kazi inayokwenda vizuri. Mezani Hans anamdharau Chris kwa ule utani wa kirafiki ambao ukiulalamikia unaonekana huna ucheshi. Gitti hawezi kunyamaza, anamtetea mpenzi wake waziwazi. Na Chris anamwonea aibu, tena aibu ya kuonea mtu aliyesimama upande wake.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho kabla ya kwenda mbele. Hiyo ndiyo injini ya filamu nzima. Kuanzia hapo Chris anamtazama Gitti kwa macho ya Hans, na Gitti anajitazama kwa macho ya Chris, anajaribu kuvaa na kutulia kama Sana. Kila mmoja anajirekebisha ili afanane na wengine wote, na kila marekebisho yanamwondolea mwenzake yule aliyempenda. Mwandishi wa kawaida angemfanya Hans amtongoze Gitti, au Sana amtamani Chris. Ade hahitaji. Hans kuwapo tu kunatosha.

Zoezi langu ni hili. Sehemu za watu wanne zitazameni bila sauti. Andikeni nani anacheka akiwa amechelewa, nani anamtazama nani kabla ya kujibu, mkono wa nani unatafuta glasi. Halafu rudisheni sauti muone jinsi maneno yanavyofanya kazi ndogo kuliko mlivyodhani. Mtapata hisia kwamba waigizaji, Birgit Minichmayr na Lars Eidinger, wanajisemea tu yanayowajia. Msidanganyike. Ade huandika mazungumzo yake kwa makini, hufanya mazoezi marefu na waigizaji, na hurudia sini mara nyingi. Wepesi ule umetolewa jasho. Tamasha la filamu la Berlin mwaka huo lilimpa Minichmayr Dubu wa Fedha, tuzo ya mwigizaji bora wa kike, na filamu yenyewe ikagawana tuzo kuu ya majaji na filamu nyingine.

Jambo jingine la kuwekea alama ni jinsi huruma yako inavyohamahama. Mwanzoni mwa filamu Gitti anamfundisha mtoto wa dada yake Chris kumwambia usoni kwamba anamchukia. Mtoto anamlenga kwa kidole kama bastola naye Gitti anajirusha kwenye bwawa, anajifanya amekufa. Nikionyesha kwa kundi, wapo wanaotangaza palepale kwamba mwanamke huyu ni msumbufu na wamemhurumia Chris. Waacheni. Kufika nusu ya filamu haohao wanamtukana Chris, na kabla ya mwisho wameshindwa kusema wako upande gani. Ukiandika ugomvi na msomaji wako akajua nani ana haki kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, umeandika kesi ya baraza la kata.

Kila mwaka hapakosi wa kusema haya ni mambo ya Wazungu, kwetu wazee wangeitwa, yakaisha. Sawa. Lakini wazazi wa Chris wamo filamu nzima ingawa hatuwaoni: nyumba ni yao, mapambo ni yao, mafanikio ambayo Chris bado hajayafikia ni yao. Na kuogopa watu watakuonaje hakujaagizwa kutoka Ujerumani. Kosa ni kunakili vitu vyenyewe. Nimewahi kuletewa skripti ya msanifu majengo na mpenzi wake katika nyumba yenye bwawa Zanzibar, hadi kikaragosi cha tangawizi kilikuwamo. Alichosahau mwandishi wake kuchukua ni Hans; mgeni wake alikuja, akala, akaondoka, na hakuna aliyebadilika.

Kuhusu kimya: wengi wetu masikio yetu yamelelewa na watafsiri wa filamu wa vibanda vya video, Lufufu upande wa Tanzania, DJ Afro upande wa Kenya, watu wasiomwachia mwigizaji sekunde ya kupumua. Nawapenda mno. Lakini kwa Ade utakosa mtu wa kukushika mkono. Muziki wa kukuambia ulie au ucheke karibu haupo. Muziki unaosikika huwa umewashwa na mhusika mwenyewe, ndani ya chumba. Tazameni kwa Kijerumani chenye maandishi chini, hata kama Kijerumani chenu ni cha kuazima. Toleo la sauti za kubandikwa linaua zile nusu sekunde ambazo mtu anachelewa kujibu, na nusu sekunde hizo ndizo mnazokwenda kusoma. Walio Dar es Salaam au Nairobi waulize Goethe-Institut, kituo cha utamaduni wa Ujerumani, kuhusu filamu za Kijerumani.

Ndipo Toni Erdmann. Safari hii si wapenzi, ni baba na binti. Winfried, mwalimu wa muziki, anamfuata binti yake Ines hadi Bucharest, ambako binti anashauri makampuni ya mafuta namna ya kupunguza watu. Baba anavaa meno bandia na nywele za bandia na kuwatokea wakubwa wa kazini kwa jina la uongo. Mtaona ni injini ileile: mtu anaona aibu kwa ajili ya mtu wake mbele ya wengine. Tofauti ni kwamba hapa mtia aibu anafanya kusudi. Mliomwona Sandra Hüller katika filamu zake za 2023 mtamkuta hapa akiwa Ines, na Peter Simonischek, aliyefariki mwaka huohuo wa 2023, ndiye baba. Ilipata tuzo ya wahakiki kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, ikazoa tuzo kubwa za filamu za Ulaya, ikafika kwenye uteuzi wa Oscar. Picha zilizorekodiwa zilizidi saa 100, na uhariri ulichukua zaidi ya mwaka.

Subira hiyo ina gharama, na hapa nazungumza na wale mnaotaka kuishi kwa kazi hii. Ade na mwenzake Janine Jackowski walianzisha kampuni yao, Komplizen Film, wakiwa bado wanafunzi. Kampuni hiyo inatengeneza filamu za watu wengine pia, kwa hiyo Ade halazimiki kuongoza kitu kila mwaka ili apate kodi ya nyumba. Muda ule mnaouona kwenye skripti zake umenunuliwa hivyo.

Mkitaka kuendelea baada ya hizo tatu, tafuteni Schlafkrankheit, yaani ugonjwa wa malale, ya Ulrich Köhler, mwenzi wake Ade, filamu ya 2011 iliyopigwa Kamerun na kumpa Köhler tuzo ya mwongozaji bora pale Berlin. Ni ya Komplizen vilevile. Köhler aliishi Zaire utotoni, na daktari Mjerumani aliyemweka katikati ya filamu hiyo hajui tena nyumbani ni wapi. Humo hesabu ya watu chumbani inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu lazima uulize pia chumba ni cha nani.